Mwosha Aliyenifundisha Mtaa

Mtaani kwetu Singida, mtu akikutana na Mwosha kwenye kichochoro alimpisha. Wanaume wenye haraka ya kwenda sokoni walijibana ukutani mpaka apite. Wanawake waliwavuta watoto wao kwa mkono. Hawakumchukia. Ndiye aliyewaosha mama zao na dada zao walipokufa, na kila mwanamke alijua kwamba siku yake ikifika, mikono itakayompokea ni ile. Walimpisha tu, kama unavyompisha mtu aliyebeba moto.

Mimi sikumpisha, kwa sababu sikujua. Nilikuwa nimetoka Voi, upande wa Kenya, mke wa dereva wa lori. Bendera iliyopandishwa bomani kila asubuhi ilikuwa ileile ya kwetu, na Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, alivaa kofia ileile, lakini kwangu ilikuwa nchi nyingine kabisa. Upepo wa Singida ulianza asubuhi na haukupumzika. Mawe makubwa yalikaa katikati ya mji kama ng'ombe waliolala. Sokoni watu walisalimiana kwa Kinyaturu, salamu ndefu za kujibizana, na mimi nikasimama katikati yao nikisubiri waishe ili niulize bei ya uwele. Mume wangu alinishusha kwenye chumba cha kupanga, akanionyesha jiko na kitanda, na kesho yake akaondoka na lori kupeleka ngozi na karanga stesheni ya Itigi. Nikabaki na mji nisioujua.

Nikaamua kuutembea. Asubuhi moja nilichukua ndoo nikashika njia ya kwenda ziwani, maana nililiona likimetameta nikafurahi kwamba maji yako karibu. Hapo ndipo nilipokutana naye. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi, amejifunga kaniki, na kidole chake cha shahada kilikuwa kimepinda. Tulifika kwenye kona pamoja, wala sikusimama. Akashangaa.

"Unakwenda wapi na ndoo?" akaniuliza.

"Shikamoo, bibi. Nakwenda ziwani kuchota maji."

"Marahaba. Ya kunywa?"

"Ya kunywa."

Akaniangalia tangu kichwani mpaka miguuni. "Basi tutaonana hivi karibuni, kwenye kazi yangu."

Sikuelewa, nikamshukuru. Alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akaniambia maji ya ziwa lile ni ya magadi, hata ng'ombe huyaonja na kuyatema, akanigeuza kwa bega na kunipeleka kisimani yeye mwenyewe. Njia nzima watu walitupisha, nami nikadhani ni heshima za mji huu kwa mgeni.

Mwosha alikuwa na desturi ya kuuzunguka mtaa kila asubuhi jua likishachomoza. Alisema miguu isipotembezwa huanza kusubiri kitanda. Siku ile ya kisima ilipopita, nikawa ninamngoja mlangoni na kufuatana naye. Hivyo ndivyo nilivyoujua mtaa ule. Lakini niliujua kwa namna yake, kwa kuwa Mwosha hakutaja nyumba kwa jina la mwenye nyumba. Alizitaja kwa waliotoka humo.

"Hapa alitoka mama mmoja mwenye nywele ndefu, nilizisuka upya kwa muda mrefu. Pale alitoka bibi aliyekuwa mwepesi kama ungo. Hapo kwenye mlango wa bati walitoka mama na mwana, wiki moja." Mkono wake ulionyesha kulia na kushoto kama mtu anayeonyesha mashamba. Mwanzoni mwili ulinisisimka. Baadaye nikazoea, na nikaona faida yake. Mtu wa mlango wa bati akinijibu kwa ukali sokoni, nilikumbuka waliotoka mlangoni pake, hasira zikaniisha. Sidhani kama kuna mgeni aliyewahi kuingizwa mjini kwa upole kuliko mimi.

"Mji una njia tatu," aliniambia. "Ya maji, ya soko na ya makaburi. Ukizijua zote si mgeni tena. Wengine wamezaliwa hapa na ile ya tatu hawajaijua, wanafuata tu migongo ya watu."

Akanipeleka kuiona. Ilipita nyuma ya maduka ya Waarabu, ikapanda kati ya mawe, ikatokea kwenye uwanda wenye michongoma. Tulisimama kidogo, upepo ukatupiga, tukarudi.

Alikuwa na miiko yake. Hakuingia kamwe nyumba yenye mgonjwa. Jirani akiugua, Mwosha alisimama barabarani na kuita, "Hamjambo humo ndani? Anaendeleaje?" Wakimkaribisha alikataa. "Nikiingia, ataniona," alisema. "Akiniona, atafikiri nimewahi." Basi alimtuma mtu apeleke uji, naye akabaki nje juani mpaka bakuli lirudi.

Wala hakula chakula cha msiba. Aliosha, akanawa, akaaga. Lakini harusi hakukosa hata moja, awe amealikwa au hajaalikwa. Aliingia na shangwe zake, akacheza mbele ya bibi harusi akipiga vigelegele, na ungewaona wenyeji wakitazamana. Kuna mama mmoja aliwahi kumwomba kwa adabu asicheze karibu sana na binti yake. Mwosha akamjibu, "Mama, siku ile nyingine hutaniambia nikae mbali." Akaendelea kucheza. Nilimuuliza baadaye kwa nini anawaudhi watu hivyo. Alisema amechoka kuwaona wanawake wakiwa wamelala tu, naye anataka kuwaona wamesimama.

Kwa desturi, mwosha hupewa baadhi ya nguo za marehemu. Yeye alizivaa bila kujali. Ilitokea mara nyingi msichana aliyefiwa na mama yake akaiona kanga ya mama ikikata kona mbele yake. Wengine walilia. Wengine walimfuata kwa mbali, si kumdai, bali kuitazama tu. Mwosha alijua. Akimsikia binti nyuma yake, alipunguza mwendo.

Tena mwanamke huyu asiyeogopa maiti aliogopa ng'ombe. Kuishi Singida na kuogopa ng'ombe ni sawa na kuishi Voi na kuogopa vumbi. Kundi likipita alijificha nyuma yangu, akinishika nguo, akisema, "Mwangalie yule mwenye pembe, ananijua."

Alikuwa mchoyo wa chumvi na mkarimu wa asali. Aligombana na muuza mkaa kila wiki, kisha walikunywa chai pamoja. Hakuniambia ametoka wapi kabla ya Singida, wala nani aliwahi kumuoa. Nilipouliza alisema, "Nimetoka huko nyuma," akaashiria kwa kidevu upande ambao siku hiyo ulikuwa nyuma yake.

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha, nalo ni siri ya maiti. Tulipopita kwenye nyumba alitaja nywele, wepesi, mikono mizuri. Hakutaja kidonda, wala kovu, wala alama. Wanawake walimjia kwa hila, wakiuliza kama ni kweli fulani alikuwa na ugonjwa fulani. Aliwajibu kwamba macho yake yameharibika. "Maiti hawezi kuvuta nguo ajifunike," aliniambia. "Mwosha ndiye mkono wake wa kuvuta nguo. Mwosha akisema aliyoyaona, amemvua mtu asiyeweza kumkimbia."

Nimeyasema haya ili ieleweke uzito wa jambo lililofuata.

Mtaani kulikuwa na mfanyabiashara wa ngozi, mtu mwenye uwezo, rafiki wa liwali, aliyejenga nyumba ya matofali. Mke wake mdogo alikuwa binti wa Kinyiramba kutoka Kinampanda, amesilimu alipoolewa. Nilimfahamu kisimani. Alikuwa mcheshi, akinicheka Kiswahili changu cha pwani nami nikimcheka chake. Siku za karibuni alikuwa akija kisimani amejifunika shingo, hata kwenye joto.

Asubuhi moja tukasikia amefariki kwa homa ya ghafla. Mwosha akaitwa. Wanawake wawili waliozoea kumsaidia walikuwa wamekwenda Ilongero kwenye mavuno, akanijia mimi. "Utabeba maji tu," akasema. "Utashika nitakapokuambia shika."

Tuliingia chumbani sisi wawili, tukafunga mlango. Mwosha akaondoa shuka usoni. Nitasema tu kwamba uso ule haukuwa uso wa mtu aliyelala. Kisha akasogeza nguo ya shingoni, na pale palikuwa na alama za vidole, upande huu na upande huu.

Mwosha alikaa chini sakafuni. Sikuwahi kumwona amekaa akiwa kazini. Nje tulisikia wanaume wakizungumza kwa sauti ya chini kuhusu kuchimba kaburi. Mfanyabiashara mwenyewe alikuwa akilia, nami mpaka leo naamini kwamba alilia kweli.

"Umeona?" Mwosha akaniuliza.

"Nimeona, bibi."

"Hukuona. Wewe ni mgeni na mume wako yuko barabarani. Hukuona kitu."

Akasimama. Akaanza kuosha, polepole kuliko kawaida, akisema naye kwa sauti ndogo kama anavyosemeshwa mtoto anayeogeshwa. Mara akasita, mkono wake ukiwa juu ya shingo ile. Nadhani alikuwa akigombana na maisha yake yote. Mwishowe akasema, si kwangu, kwa yule binti:

"Aibu za watu nimezificha. Lakini hii si aibu yako, mwanangu. Hii ni ya mtu aliye hai."

Akamfunika vizuri, akanawa mikono, akafungua mlango. Wanaume walidhani tumemaliza. Yeye akapita katikati yao, akashika njia ya boma.

Mimi nilibaki mlangoni nikiwa na ndoo. Mfanyabiashara alimtazama Mwosha akienda, kisha akanitazama mimi, na akaacha kulia. Hapo nikaiweka ndoo chini, nikamfuata Mwosha.

Nilimfikia karibu na maduka. "Rudi," akaniambia bila kugeuka.

"Sirudi, bibi."

"Watakufukuza hapa."

"Nilishawahi kuhama," nikasema.

Tukatembea njia zilezile za kila asubuhi, lakini habari ilikuwa imetutangulia, sijui kwa miguu ya nani. Watu walitoka milangoni. Hakuna aliyetupisha siku ile. Walisimama katikati ya njia, nasi tukawazunguka. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Mwosha, siri ya maiti unaipeleka wapi?" Mwosha akamjibu, "Naipeleka kwa mwenye pingu." Hakupunguza mwendo.

Bomani liwali alijaribu kwanza kumsihi. Alimwita mama, akamletea kiti, akamwambia kwamba wanawake wakifa huwa na alama za kila aina. Mwosha akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Bwana liwali, mama yako nilimwosha mimi. Je, umewahi kusikia neno lolote juu yake mjini humu?" Liwali akainamisha kichwa. "Basi mimi si mtu wa kusema. Leo nasema." Liwali akainuka mwenyewe kwenda kumwita Bwana Shauri. Karani akaandika maneno ya Mwosha, kisha akaandika na yangu.

Askari wakaenda. Maiti ikapelekwa hospitali, daktari akaiangalia, na alasiri ikarudishwa. Mwosha ndiye aliyemaliza kazi. Nilibeba maji tena. Alikaa na uso ule muda mrefu sana, akiukanda kwa vidole vyake, taya, kope, pembe za midomo, mpaka ukalegea na kuwa uso wa yule niliyemjua kisimani. Ndipo akafunga sanda, mimi nikiwa nimeshika kichwa. Binti akazikwa kabla ya jua kutua. Kinampanda ni mbali, na mama mzazi alifika siku kadhaa baadaye kwa miguu, akakuta udongo tu.

Kesi ilipelekwa Dodoma. Mwosha alikwenda kusimama mbele ya jaji, na lori la mume wangu ndilo lililomfikisha kwenye treni. Mfanyabiashara akafungwa miaka mingi. Wengine mtaani walisema haki imetendeka. Lakini hata hao, walipofiwa, walimwita mwanamke mwingine kutoka Unyambwa. Sikusikia mtu aliyemtukana. Waliogopa tu. Kila nyumba ina kitu ambacho isingependa mwosha akisimulie bomani, na hawakutaka kujua tofauti kati ya kitu kimoja na kingine.

Sisi mwenye nyumba alitutoa. Mume wangu aliporudi safari na kukuta vyombo nje, aliniuliza nimefanya nini. Nikamweleza yote. Alikaa juu ya sufuria lililopinduliwa, akafikiri, akasema, "Basi tutafute mahali." Tukapata nyumba ya tembe huko Unyambwa, kwenye mashamba, na huko ndiko watoto wangu walikozaliwa. Nilikwenda mjini kumwona Mwosha kila nilipopata nafasi. Aliendelea kuuzunguka mtaa asubuhi. Hakuna aliyemwita, na bado alisimama nje ya nyumba za wagonjwa akiuliza hali. Siku moja nilikuta mlango wake umefungwa kwa kamba. Jirani akasema mwanamke wa Kinyiramba kutoka Kinampanda amekuja kumchukua, na Mwosha amekwenda naye.

Miaka ikapita. Mume wangu akapewa safari za kaskazini, kupeleka sabuni na mafuta ya taa Kiomboi na kurudi na nafaka. Safari moja nilimwomba anichukue, anishushe Kinampanda, anipitie wakati wa kurudi.

Sikupata tabu kumpata. Nilimuuliza mtu wa kwanza kama anamjua mwanamke wa Kiislamu aliyekuja kutoka Singida, akaninyooshea kidole kwenye kaya yenye uzio wa minyaa. Walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ghala, wanawake wawili wazee, wanabangua karanga juu ya ungo mmoja. Msalaba wa mti ulikuwa ukutani juu ya mlango wa nyumba kubwa, na pembeni, kwenye kibanda kidogo, mkeka wa sala ulikuwa umeanikwa. Mwosha alikuwa amekonda. Nilipopiga magoti kumsalimia alinishika uso kwa mikono yote miwili, akanitazama macho kwa macho.

"Umenenepa," akasema. "Vizuri."

Akaniambia huyu ni mama wa yule binti. Nikamsalimia, akaitikia, akanipa kigoda na maziwa ya mgando. Tukazungumza habari za mvua, za watoto wangu, za bei ya karanga. Mwosha alinyanyuka kwenda kuchochea moto. Alitembea kwa shida, akijishika ukutani.

Alipokuwa jikoni, yule mama aliweka karanga zake chini.

"Nilisikia Dodoma kwamba mlikuwa wawili mle chumbani," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, akitafuta kila neno. "Huyu mwenzangu nimemuuliza mara nyingi. Nilimuuliza uso wa mwanangu ulikuwaje. Ananiambia alikuwa ametulia, kama mtu aliyelala. Kila mwaka ananiambia hivyo. Lakini tunaishi pamoja. Nikiumwa ndiye anayenipikia. Mtu anayekupenda anaweza kukudanganya." Akanitazama. "Wewe hunipendi. Hunijui. Niambie wewe."

Nilitazama jikoni. Mwosha alikuwa amesimama mlangoni, kuni mkononi. Alikuwa amesikia. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa, hakuniomba kitu. Alisimama tu kama alivyokuwa akisimama barabarani nje ya nyumba ya mgonjwa, akingoja jibu kutoka ndani.

"Mama," nikasema, "mimi ndiye niliyeshika kichwa chake sanda ilipofungwa. Nilimwona mwisho kabla hajafunikwa. Alikuwa ametulia. Alikuwa vilevile nilivyomjua kisimani."

Yule mama akajifunika uso kwa ncha ya nguo yake, akalia kwa muda, bila sauti, nami nikakaa naye. Mwosha akaja polepole, akaketi mahali pake, akauvuta ungo katikati yao. Alichukua mkono wa mwenzake kutoka usoni, akaujaza karanga, akaufunga vidole.

"Bangua," akamwambia. "Mgeni atakula nini?"